Matanga ya Kura

Naiona bado mbele ya macho yangu, mwanangu Imelda, siku ambayo Mjomba Otmari alikaliwa matanga akiwa hai. Alikuwa mzima wa afya, amejifungia chumbani kwake pale Majengo, akikohoa kila mtu anamsikia, na huku nje watu wamekaa mikekani wanampa pole mkewe. Sicheki. Au basi niache nicheke kidogo, maana wakati ule hakuna aliyethubutu kucheka.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi wametangaza matokeo ya udiwani, na jana umeingia kwangu hapa Matogoro na begi moja na simu iliyozimwa. Umeniambia, "Shangazi, naomba nipumzike kidogo." Nimekupokea. Uji wa ulezi umekunywa, blanketi nimekuongezea la pili, maana baridi ya huku mlimani haina adabu. Umeshindwa, imekuuma, na mimi imeniuma. Nilikaa na redio sikioni mpaka betri zikaisha. Lakini watu wako wananipigia mimi sasa. Yule mama lishe aliyekuwa anawapikia wapambe wako bure, yule kijana wa bodaboda aliyekuwa anatangulia na bendera, wote wanauliza neno moja tu, Imelda yuko wapi. Nimewajibu umelala. Sitaendelea kuwajibu hivyo, kwa hiyo vuta kigoda hapo karibu na jiko unisikilize.

Wakati huo nilikuwa binti niliyeolewa karibuni, na nilikuwa nauza dagaa wa Nyasa soko la Majengo. Jirani yangu sokoni alikuwa Zaituni, anauza korosho za kukaanga zinazotoka kwao Tunduru. Turubai letu lilikuwa moja. Yeye akienda kuswali, mimi namuuzia korosho zake, na mimi nikichelewa Jumapili kwa ajili ya misa, yeye ananiuzia dagaa na ananitunzia mpaka sehemu ya wali. Watu walikuwa wanatuuliza kama sisi ni ndugu. Zaituni anawajibu, "Ndiyo, ila huyu ndiye aliyezaliwa na harufu ya samaki."

Basi ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Upande mmoja alisimama Mjomba Otmari, kaka wa mama yangu, fundi seremala ambaye nusu ya vitanda vya Majengo vilitoka mkononi mwake. Upande wa pili alisimama Mzee Athumani, baba yake Zaituni, mfanyabiashara aliyehamia Songea zamani kabla hata mimi sijazaliwa. Wote wawili walikuwa watu wazuri. Ndiyo shida ya mtaa huo, mwanangu: kama mmoja angekuwa mwizi, mambo yangekuwa mepesi.

Mimi niliingia kwa miguu yote miwili. Niliimba mpaka sauti ikakauka, nilicheza nyuma ya ngoma, nilibeba picha ya mjomba kifuani, na mume wangu Gaudensi ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana. Zaituni naye alikuwa upande wa baba yake, angekuwa wapi tena. Hatukugombana hata siku moja. Ila siku moja nilifika sokoni nikakuta lile turubai limekunjwa limewekwa katikati, kila mtu atafute kivuli chake. Sikumuuliza ni nani aliyelikunja, naye hakuniuliza. Tulikaa pale bega kwa bega tunapigwa jua, kila mmoja anatazama wateja wake.

Siku ya uchaguzi kura zilihesabiwa shuleni, hadharani, watu tumezunguka madirisha. Mjomba alikuwa ndani anaangalia kwa macho yake. Mzee Athumani akashinda, si kwa kura nyingi, lakini akashinda. Walipotoka, mzee akamnyooshea Mjomba Otmari mkono mbele ya watu wote. Mjomba akapita kama hakuuona. Akaenda moja kwa moja nyumbani, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi tukaenda kumpa pole. Unajua watu wetu, hatuwezi kwenda kutoa pole mikono mitupu. Mmoja kaja na unga, mwingine na kuni, mwingine na maharage. Mke wa mjomba akatandika mkeka kwa sababu viti havikutosha. Wanawake wakaona unga upo na kuni zipo, wakabandika sufuria. Wanaume wakavuta mabenchi ya kazini kwake wakakaa nje wakiwa wameshika tama. Mchana ukapita, jioni ikapita, na kesho yake tulivyorudi tulikuta sufuria zingine, kubwa zaidi, zimeazimwa kanisani. Hakuna aliyesema tufanye matanga. Tulijikuta tuko kwenye matanga.

Na kwenye matanga, mwanangu, hakuna anayeinuka kwenda zake mpaka mwenye msiba ayaanue. Hilo unalijua. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, mashamba yanangoja kupandwa, na watu wazima na akili zao wamekaa uani kwa Otmari wanasubiri kuruhusiwa. Mimi sikutaka hata kuruhusiwa. Sokoni nilikuwa nimekwenda mara moja tu, nikakuta watu wanaimba wimbo wetu wa kampeni kwa kuugeuza maneno, wakiniangalia. Pale uani angalau sote tulikuwa tumenyamaza pamoja.

Lakini watu waliokaa bila kazi huanza kuongea. Mara ya kwanza ilikuwa minong'ono tu: kura zimeibiwa. Nani kaona? Hakuna. Ila mbona Otmari hatoki? Mtu aliyeshindwa kihalali angetoka akaongea. Kama amenyamaza, basi kuna kitu anakijua. Ukimya wa mjomba ukawa kama ushahidi. Kufikia mchana Gaudensi wangu na vijana wenzake walikuwa wameamua: Mzee Athumani atakapokwenda jioni ile kukabidhiwa muhuri wa mtaa, watamkuta njiani na hatapita. Niliona mume wangu anakunja mikono ya shati. Nikamwita pembeni nikamwambia, "Yule ni baba yake Zaituni." Akaniambia, "Najua. Nimekula kwao mara nyingi kuliko wewe. Lakini mjomba wako akitoka akisema tuache, tutaacha. Mbona hasemi?"

Nilimwaza yule mzee na kanzu yake, nikamwaza Gaudensi na hasira zake, nikajua kwamba jioni ile ikifika vibaya, mimi na Zaituni hatutakaa tena bega kwa bega maisha yetu yote. Nikaenda kugonga mlango wa mjomba. Akanijibu kutoka ndani, "Kichwa kinaniuma." Nikarudi mkekani.

Hapo ndipo tuliposikia kilio barabarani.

Kilikuwa kilio kikubwa, cha kufiwa kabisa. Tukainuka. Akaingia Mwalimu Luhanga, mama mmoja Mhehe aliyehamishiwa Songea kufundisha shule ya pale pale zilipohesabiwa kura. Vumbi la chaki lilikuwa bado mikononi. Alikuwa amevua kitenge cha kiunoni amejifunga kichwani kama mfiwa, anajishika kichwa, analia, "Uuwi, jamani, Kura! Umeondoka Kura, umetuachia nani!"

Watu wakapigwa na butwaa. Unajua tena utani wetu sisi Wangoni na Wahehe, sisi tunawaambia wanakula mbwa, ni wa tangu enzi za mababu waliopigana wakachoka. Mtani akija msibani kwako anafanya atakalo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Lakini siku ile tulikuwa tumenuna kweli.

Mwalimu akafuta macho makavu kabisa, akauliza, "Marehemu amelazwa wapi? Mimi mtani, hamziki bila mimi."

Mzee mmoja akamjibu kwa unyonge, "Mwalimu, hakuna marehemu hapa."

"Hakuna? Na sufuria za kanisa? Na hawa waliokaa na matama mikononi kama wameng'olewa meno? Nyie Wangoni babu zenu walitembea kutoka kusini huko mpaka hapa bila kukaa chini, leo kura moja imewakalisha?"

Kuna mama akacheka kwa pua, akajifunika na khanga. Gaudensi akainuka amfukuze mwalimu, wazee wakamshika shati wakamkalisha, mtani hafukuzwi. Mwalimu hakuwajali. Akaingia mpaka ndani, akatandika kitenge chini mbele ya mlango wa chumba cha mjomba, akalala pale chali, amefumba macho, amekunja mikono kifuani. Akaita kwa sauti ya upole, "Otmari. Kama umekufa niambie, nimeacha madaftari ya watoto hayajasahihishwa."

Sisi wote tumejazana kwenye korido. Halafu tukasikia kutoka ndani sauti ya mjomba, nzito ya mtu aliyelala sana, "Mhehe wewe, umepita uani kwangu. Mbwa wangu bado yupo?"

Ee Mungu wangu, tulicheka. Tulicheka watu tukaegemea ukuta. Mke wa mjomba ndiye aliyecheka mpaka akalia, na nadhani siku zote hizo alikuwa anatafuta nafasi ya kulia. Mlango ukafunguka. Mjomba akasimama pale na nywele za upande mmoja zimelala, anamtazama mtani wake sakafuni.

Mwalimu Luhanga akakaa, na hapo sauti yake ikabadilika. Hakuongea kwa nguvu tena, ila mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Akamwambia, "Kaka, wewe umeumia na una chumba cha kujifungia. Hawa chumba hawana. Wanapita njiani na picha yako wameibandika kifuani, wanazomewa kwa jina lako, na wamekuja kwako kwa sababu hawajui pa kwenda. Wangu darasani wakishindwa mtihani nawaambia mwenyewe, siwaachii wakasome matokeo ubaoni. Kwetu na kwenu matanga huanuliwa na mwenye msiba. Vijana wamekunja mikono ya mashati huko nje. Unamngoja nani?"

Mjomba alitutazama mmoja mmoja, akamfikia Gaudensi, akakaa naye kidogo macho kwa macho. Kisha akaomba maji akanawa uso, akavaa shati safi, akatoka uani.

Alisimama kama msemaji wa familia anavyosimama siku ya mwisho ya msiba. Na mwanangu, akashukuru kama msemaji wa familia anavyoshukuru. Hakusema nawashukuru wote, akakaa. Alishukuru kazi kwa kazi. Alimshukuru aliyemwazima baiskeli na akasimulia breki zake mbovu zilivyotaka kumuua kwenye mteremko wa kwenda Matogoro. Aliwashukuru waliochota maji ya wapambe, waliopiga ngoma, mama mmoja aliyekesha akishona vitambaa vya kichwani. Alinifikia mimi akasema, "Na huyu binti wa dada yangu ameniimbia mpaka amebaki na sauti ya chura, na najua dagaa wake hawajauzwa vizuri kwa ajili yangu." Nilidhani hakuona. Nililia pale pale, sikuona aibu.

Halafu akasema lile neno ambalo ua wote ulikuwa unalisubiri. "Athumani amenishinda. Nilisimama pale zikihesabiwa, niliziona, hakuna aliyeniibia. Nimeumia, nisiwadanganye, nilikuwa nautaka uenyekiti huu. Lakini nyinyi hamkushindwa kitu. Kazi niliyowaomba mliifanya yote. Matanga yameanuliwa. Mkapande mahindi." Akamgeukia Gaudensi, akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, shusha mikono ya shati."

Gaudensi akaishusha. Nimeishi naye miaka mingi, Mungu amrehemu, na nimemuona akifanya mambo ya kishujaa kuliko hilo, lakini hilo ndilo nalipenda.

Mwalimu Luhanga akadai kuku wa mtani, akapewa, akambana kwapani. Kisha akasema bado safari moja, na hakuna aliyemuuliza ni ipi. Tukaenda kwa Mzee Athumani, mjomba mbele, sisi nyuma, na yule kuku analalamika njia nzima. Watu wa Majengo walifunga maduka kutuangalia. Mzee Athumani alipotuona akatoka akasimama barazani kwake, na nyuma yake mlangoni alisimama Zaituni, ameshika mchi. Nakwambia kweli, alikuwa ameshika mchi wa kutwangia, na macho yake yako kwangu.

Mjomba Otmari akafika mpaka kwenye ngazi. Kwenye kampeni nzima hakuwa amemwamkia yule mzee, na kabla ya hapo alimwamkia kila siku maana mzee alimzidi umri. Akasema, "Shikamoo, kaka."

Mzee Athumani akashuka ngazi moja. "Marahaba, Otmari."

"Shuleni ulininyooshea mkono nikaupita. Nimekuja na wangu."

Wakashikana mikono, na yule mzee hakuuachia upesi. Akasema alhamdulillahi, akasema karibuni ndani, akaona tulivyo wengi akasema karibuni nje. Watu wakacheka. Ila mjomba alikuwa bado hajamaliza. Akamwambia, huku bado wameshikana, "Kaka, nina ombi moja tu, la kwangu mimi sina. Hawa watu walionizunguka ndio walionipigia debe. Wakija kwako kugongewa muhuri wa barua, mtoto anaenda shule, mgonjwa anapelekwa hospitali, usiwaulize walikuwa upande gani."

Mzee Athumani akainamisha kichwa. Akasema, "Muhuri ni wa mtaa, Otmari. Na wa kwanza kuja uwe wewe, maana nitahitaji mtu wa kuniambia ninapokosea."

Kwa hiyo unaona, mwanangu. Mimi nilifikiri mjomba anakwenda kumpongeza mshindi kwa ajili ya adabu tu. Kumbe alikuwa anatusindikiza sisi. Tusingeweza kuvuka kile kizingiti bila yeye kutangulia. Mpambe aliyejitoa kwako hawezi kuanza kumsalimia mpinzani wako kabla yako; ataonekana msaliti, na yeye mwenyewe atajiona hivyo. Anangoja ruhusa, na ruhusa anayo aliyeshindwa peke yake.

Zaituni aliweka mchi chini. Akaja mpaka niliposimama, akaniuliza bila salamu, "Hivi nilikukosea nini mimi?"

Nikamwambia, "Hukunikosea. Nilikuwa namsaidia mjomba wangu."

Akasema, "Na mimi nilikuwa namsaidia baba yangu." Halafu akaniambia kesho niwahi, maana upande wake turubai limechanika na hawezi kulishona peke yake.

Hiyo ndiyo hadithi yangu. Sasa nisikilize nikupe neno, maana sikukukalisha hapa kwa sababu ya moshi. Kulia lia, mimi sikukatazi, na usiruhusu mtu akuambie kwamba haikuumi. Kama uliona kwa macho yako wizi wa kura, nenda mahakamani mchana kweupe na mashahidi wako, nitakusindikiza mimi na fimbo yangu. Kama hukuona, basi waambie watu wako wazi kwamba umeshindwa, kwa mdomo wako, kabla hawajaanza kubuni maneno ya kukutetea. Ukinyamaza watajaza wao, na vijana wana mikono ya kukunja.

Washukuru, Imelda, lakini usiwashukuru kwa mkupuo, na usiandike kwenye simu maneno ya kila mtu ukadhani umemaliza. Taja kazi. Mwambie mama lishe habari za sufuria yake, mwambie kijana wa bodaboda kwamba uliona siku aliyonyeshewa. Mtu aliyekupa nguvu zake anataka kujua kwamba ulikuwa unaangalia. Halafu mpigie aliyekushinda, tena usimpigie tu, nenda kwake, na ukifika usijiombee kitu. Waombee watu wako. Kura zilikuwa za siku moja, ila wao wataishi na jirani zao mpaka wazeeke.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kushindwa leo, na akuwekee moyo huo huo siku utakayoshinda, maana na siku hiyo utauhitaji. Akulinde na uchungu unaokaa muda mrefu. Akupe watu wa kukupigia debe hata ukiwa hugombei kitu. Mababu zako wa pande zote wakutazame vizuri.

Na usishtuke, mwanangu. Hao unaowasikia wanapiga hodi barazani si wageni wangu, ni watu wako waliokupigia debe. Nimewaita mimi asubuhi ulipokuwa umelala, wamekuja kwa miguu kutoka Majengo. Nenda ukawafungulie mwenyewe.